Papa Mmoja, Ukoo Mzima

Mwaka 2009 kampuni ya The Asylum ya California ilitoa filamu iitwayo Mega Shark Versus Giant Octopus. Papa na pweza wa zama za kale wanachomoka kwenye barafu ya Alaska na kuanza kuitesa dunia. Papa anaruka kutoka baharini hadi mawinguni, anaing'ata ndege ya abiria. Baadaye analimega daraja la Golden Gate kule San Francisco. Mwongozaji, Jack Perez, hakutumia jina lake halisi, akajiandika Ace Hannah. Fedha zilikuwa chache, na uchache huo haujifichi: kipande kilekile cha papa akipita kinarudiwa, kinakaa kidogo, kinarudiwa tena.

Filamu za namna hii, zenye madubwana makubwa na mifuko midogo, ndizo zinazompima fundi ninayetaka kumsifu hapa: mtafsiri wa filamu wa kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyeshea video.

Nimemsikia mmoja wao, ndani ya kibanda cha mabati huko Igogo, wilayani Nyamagana, Mwanza, akipambana na papa wa aina hiyo. Dubwana lilipotokea mara ya kwanza, watu walishtuka. Mara ya pili wakanyamaza. Mara ya tatu kijana akapaza sauti kutoka nyuma: "Si ndiye huyuhuyu wa mwanzo!" Mtafsiri hakubisha. "Wa mwanzo alikuwa baba," alisema kwenye maiki. "Wa pili baba mdogo. Huyu sasa ni shemeji, kafuata ng'ombe wa mahari waliobaki." Kibanda kizima kikaangua kicheko, na kuanzia hapo kila papa alipojitokeza, watazamaji wenyewe walikuwa wakiulizana ni ndugu yupi. Umaskini wa watengenezaji ukawa ukoo mzima.

Kazi yenyewe inaonekana nyepesi kwa asiyeijua. Mtu anakaa na deki, maiki na spika, anashusha sauti ya filamu anapotaka kusema na kuipandisha risasi zinapolia. Lakini mtu huyo mmoja ndiye steringi, adui, mama wa steringi na mbwa wa jirani. Ni lazima awe ameitazama filamu kabla, ajue nani atakufa na lini, na bado aongee kana kwamba naye anashangaa. Dar es Salaam ilimpata Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Kule Uganda, filamu ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, na wengi waliocheka kule Ulaya na Marekani walicheka kwa sababu yake. Japani nayo, enzi za filamu bubu, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao baadhi yao walivuta watu kuliko waigizaji waliokuwa kwenye picha. Kwa hiyo ufundi huu una nasaba ndefu. Huku Nyamagana umekutana na hadhira yenye shida ya pekee: watu wanaoyajua maji.

Siku za mbalamwezi, taa za kuvulia hazivuti dagaa. Wavuvi hubaki nchi kavu, na mabenchi ya mbele hujaa. Hawa ni watu waliolala Ziwa Victoria gizani, wanaojua wimbi linavyoinuka upepo ukigeuka. Ukiwaonyesha dubwana la majini, macho yao hayaanzii kwenye dubwana. Yanaanzia kwenye maji.

Na hapo ndipo filamu nyingi zilipoumbuka. Kwa miaka mingi, meli na mawimbi ya filamu za bei nafuu yalipigwa picha kwenye matangi, kwa vinyago vya meli. Mafundi walikuwa na ujanja wao: kamera iliendeshwa kwa kasi kuliko kawaida, na picha zilipoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, mawimbi yalionekana mazito na ya polepole. Lakini tone la maji halikubali kupunguzwa. Linabaki na ukubwa wake, na likirukia ubavu wa meli yenye urefu wa mkono, linaonekana kama tikiti maji. Mvuvi wa Luchelele hahitaji shahada ya filamu kuliona hilo. "Hayo maji ya beseni," atasema, na hofu yote imekwisha.

Anachokigundua mvuvi huyo ndicho kiini cha sanaa hii yote. Dubwana halitishi kwa ukubwa wake. Linatisha kwa kitu kidogo kilicho sahihi kando yake. Tone likikosewa, hata papa wa mita mia hana uzito. Ray Harryhausen, fundi wa madubwana ya filamu, alilijua hili alipotengeneza pweza wa filamu ya It Came from Beneath the Sea ya mwaka 1955. Ili kuokoa fedha, pweza wake alipewa minyiri 6 badala ya 8. Watazamaji wachache waliihesabu, kwa kuwa walikuwa wakitazama daraja likipasuka na watu wakikimbia. Alijua wapi abane na wapi asibane.

Wasukuma wa Mwanza walilijua hilo kabla ya kamera. Katika hadithi ya Shing'weng'we, dubwana linameza watu wote na mifugo yote, isipokuwa mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, anakua, analiua dubwana na kulipasua tumbo ili watu watoke. Msimulizi angeweza kuishia kwenye ushindi. Badala yake anaongeza kwamba kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio kwa bahati mbaya, na bibi akakasirika vibaya sana. Kijana aliyeokoa ulimwengu anageuka kutafuta dawa ya sikio. Tumbo lenye ukubwa wa kumeza dunia hatuwezi kulipima. Sikio la bibi tunalijua, na hasira zake tunazijua zaidi. Kwa sababu ya sikio, tunaliamini tumbo.

Mtafsiri mzuri wa Mwanza hufanya kazi hiyohiyo ya sikio. Daraja la Golden Gate halimwambii lolote mtu wa Mkuyuni, hivyo analihamisha. "Chukulia ni Kigongo–Busisi," anasema, "kilomita tatu za zege, jamaa anamega katikati, na wewe uko kwenye basi la Geita, kuku wako yuko chini ya kiti." Daraja hilo lilifunguliwa Juni 2025, na wengi waliomo kibandani wamelipita. Lakini kinachowaingiza kwenye filamu ni kuku. Pweza, ambaye wengi kandokando ya ziwa hawajawahi kumshika, anapimwa kwa sangara, samaki anayeweza kufikia kilo 200. "Sangara wa kuuza kiwandani," mtafsiri atasema, "kwa huyu ni dagaa wa kuonjea chumvi." Mara mchoro wa kompyuta uliokuwa ukielea bila uzito unatua. Watengenezaji walishindwa kununua uzito. Mtafsiri anaukopa kutoka kwenye maisha ya waliokaa mbele yake.

Watazamaji nao wana kazi. Wanabisha, wanaonya, wanamtukana nahodha mzembe, wanamwambia binti asishuke kuoga. Wanapocheka dubwana la plastiki hawamaanishi kwamba wameibiwa kiingilio. Wanamjulisha mtafsiri kwamba picha imeanguka na kwamba ni zamu yake kuiokota. Akiiokota vizuri, kicheko kinazaa hofu ya kweli dakika mbili baadaye, kwa sababu watu waliocheka pamoja wameshaacha kujilinda.

Wapo watafsiri wabovu, na sitawatetea. Wanapiga kelele mwanzo hadi mwisho, wanatukana wanawake waliomo kwenye picha, wanafichua mwisho kwa sababu wameishiwa maneno. Kipimo cha fundi kinaonekana zaidi pale anapozuia ulimi. Usiku mmoja niliona meli ya filamu ikilala ubavu, abiria wakishikilia vyuma. Hapo Nyamagana si mahali pa mzaha. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuja Mwanza, mamia ya watu wakafa, na baadhi yao wamezikwa Igoma. Mtafsiri aliacha mzaha wote, akasema tu nani amemshika mkono nani, hadi meli ilipokwisha kuzama. Dubwana lilipojitokeza tena, akarudisha utani, na watu wakaupokea kwa shukrani. Hakuna aliyemfundisha mpaka huo kwenye karatasi. Aliujua kwa sababu anakaa mji uleule na watazamaji wake.

Wanaomlaumu husema anaharibu kazi ya wenyewe, na suala la haki za watengenezaji ni la kweli; sheria ina neno lake hapo. Lakini kusema anaharibu sanaa ni kutoitazama sanaa yenyewe. Filamu iliyokwisha kukamilika haimwachii pa kuingia: ina fedha za kutosha kuziba kila tundu, na mtazamaji anabaki kukodoa macho. Filamu maskini ina matundu, na mtafsiri anaingia nayo ziwani, anaijaza kuku, mashemeji na nauli za basi, mpaka inakuwa yetu.

Soko limeshatoa hukumu yake. Nenda kwenye banda la kuwekea filamu kwenye flashi, uwasikilize vijana. Hawaulizi nani aliongoza, wala papa alikuwa na urefu gani. Wanauliza imetafsiriwa na nani, na wakisikia jina wasilolitaka, wanaiacha hata kama ni mpya.