Prefe na Daftari la Michango
Katika uwanda wa Ruzizi, kati ya Lubarika na Uvira, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, anastahili pongezi anaposimamia vyema mchepuo wa biashara, kwa kuwa wanafunzi wanaosomea hesabu za OHADA, mfumo wa pamoja wa sheria za biashara ambao Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nao mwaka 2012, humpima kwa stakabadhi zake mwenyewe. Stakabadhi hizo ni za michango, kwani elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ilihusu shule za msingi. Sekondari huchangiwa na wazazi, wengi wao wakulima wa mpunga na mihogo, ambao fedha zao, jasho tupu, hupita mkononi mwa prefe. Prefe anayebandika hesabu ya michango ukutani, hata mshahara wa serikali unapochelewa, ameshafundisha nusu ya somo.