Kununua tope lisilofika mtoni

Kiwanda cha soda kinapomlipa mkulima wa mlimani, hakitaki mahindi yake. Kinataka udongo wake ubaki shambani. Huo ndio uliokuwa mkataba wa Kibungo Juu, katika Milima ya Uluguru, ulioanza kutekelezwa mwaka 2008. Mashirika ya CARE na WWF yalikaa katikati kama madalali. Wanunuzi walikuwa DAWASCO, iliyosambaza maji Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza; wauzaji walikuwa wakulima wa vijiji kama Lukenge, Lanzi na Nyingwa.

Mto Mfizigo, unaopita huko, humwaga maji yake katika Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Masika yakipiga shamba lililolimwa kufuata mteremko, udongo mwingi wa juu huishia mtoni, na huko chini mtambo wa kusafisha maji hulazimika kuongeza shabu ili tope lizame. Shabu ni pesa.

Malipo yalifuata jembe. Mkulima alichimba mfereji wa kukingama mteremko, akautupa udongo upande wa juu hadi likawa tuta, kisha akapanda majani ya kulishikilia. Wakulima huiita kazi hiyo fanya juu. Eneo likapimwa, naye akalipwa kulingana na ukubwa na aina ya kazi, maana kuchonga matuta ya ngazi ni sulubu isiyolingana na kupanda miche.

Udhaifu ulikuwa wazi: wanunuzi wawili tu, huku gharama za maandalizi zikibebwa na wafadhili. Naivasha, Kenya, mashirika hayo hayo yalipanua kapu la wanunuzi. Chama cha watumiaji wa maji ya ziwa, wakiwemo wenye mashamba ya maua, kiliwapa wakulima wa milimani vocha ya pembejeo ya dola 17 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo, tuseme ukweli; majani ya ng'ombe yaliyoota kwenye matuta yaliwafaa zaidi.

Hata Benaco, wilayani Ngara, Tanzania, panaijua bei ya maji machafu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na wengi wakapiga kambi hapo, kando ya bwawa dogo. Oxfam waliyavuta maji kwa pampu hadi kwenye matangi, wakatia shabu, kisha klorini. Kwa dharura ile hapakuwa na nafasi ya matuta.

Sasa ipo. Mtambo wa umeme wa Rusumo, megawati 80, ni mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na unategemea maji ya mito ya Ruvubu na Kagera yanayopita kwenye vilima vya Ngara. Mchanga hutafuna mitambo ya aina hiyo. Mnunuzi basi yupo, na mradi wa nikeli wa Kabanga unaweza kuwa wa pili. Mkataba ukiandikwa, ulipe kila mwaka tuta likikaguliwa na kukutwa limesimama. Mfadhili alipie upimaji wa kwanza tu.