Vista, Diski ya Apgredi na Ujanja wa Kusakinisha Mara Mbili

Diski kuu ya kompyuta ikifa, kazi ya fundi inajulikana: anafunga nyingine, anachukua diski ya Windows na kupiga window upya. Mwaka 2007 waliokuwa wamenunua Windows Vista kwa bei ya apgredi walikuta kazi hiyo haifanyiki. DVD yao ilikuwa halali, namba ya leseni ilikuwa ya kweli, lakini programu ya usakinishaji iliikataa namba hiyo kila walipojaribu kuanzia kwenye diski tupu. Ilitaka kwanza ikute Windows nyingine inafanya kazi ndani ya kompyuta.

Kizuizi hicho kilipitwa siku chache tu baada ya Vista kutoka, na aliyekipita hakuhitaji kukreki chochote. Alitumia DVD ileile ya dukani na vitufe vilevile vilivyowekwa na Microsoft. Inafaa kueleza ilivyowezekana, kwa sababu kosa lenyewe lilijirudia katika matoleo ya baadaye.

Tuanze na pesa, maana ndizo zilizoleta yote haya. Vista iliingia madukani tarehe 30 Januari 2007. Nchini Marekani, Home Premium iliuzwa dola 239 kwa mtu asiye na Windows yoyote, na dola 159 kwa aliyekuwa tayari na XP au Windows 2000. Ultimate ilikuwa dola 399 kwa bei kamili na dola 259 kwa apgredi. Punguzo hilo ni la mteja wa zamani, na hakuna ubaya wowote ndani yake. Shida ni kuthibitisha nani mteja wa zamani, hasa pale diski yake inapokuwa imeungua na kila kitu kilichokuwamo.

XP ya mwaka 2001 ilikuwa na jibu la kiungwana kwa swali hilo. Ukiwasha kompyuta kwa CD ya apgredi ya XP na diski ikawa tupu, usakinishaji ulisimama kwenye skrini ya bluu yenye maandishi meupe na kukuomba uingize CD ya Windows uliyokuwa nayo zamani: Windows 98, Me, NT 4.0 au 2000. Uliingiza, ikaisoma, kisha ikakuomba urudishe CD ya XP, kazi ikaendelea. Yote hayo yalimalizika kwa dakika chache.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wa pande mbili. Kwa upande mmoja, CD ya jirani ilifanya kazi sawasawa na ya kwako. Kwa upande mwingine, kompyuta nyingi za kampuni kubwa ziliuzwa bila CD kamili ya Windows. Mteja alipewa diski ya kurejesha mfumo tu, na mara nyingi diski hiyo haikuwa na faili ambazo XP ilikuwa ikizitafuta. Basi mwenye leseni halali aligonga mwamba huku aliyeazima CD akipita. Hata hivyo, swali lenyewe lilikuwa sahihi: je, una ushahidi wa ulichonunua zamani?

Katika Vista, Microsoft iliondoa ukaguzi wa CD na kuweka swali jingine. Namba ya apgredi ingekubaliwa endapo tu usakinishaji umeanzishwa kutoka ndani ya Windows iliyopo. Ukiwasha kompyuta kwa DVD na kuandika namba ya apgredi, inakataliwa. Kampuni haikuficha jambo hili. Ililieleza katika makala yake ya msaada namba 930985. Kwa mtu aliyebadilisha diski, maana yake ilikuwa moja: sakinisha XP kwanza, kisha ndani ya XP anzisha Vista.

Sasa tutazame kilichokuwa ndani ya DVD, maana hapo ndipo kizuizi kilipojifungua chenyewe. XP ilisakinishwa kwa kunakili maelfu ya faili moja moja kutoka folda iitwayo i386. Vista iliacha njia hiyo. Mfumo mzima ulifungwa ndani ya faili moja kubwa, install.wim, ambayo ni taswira ya Windows iliyokwisha kusakinishwa. Kazi ya programu ya usakinishaji ni kuifungua taswira hiyo kwenye diski na kuirekebisha ilingane na kompyuta husika. Zaidi ya hayo, faili hiyo moja ilibeba matoleo yote ya dukani: Home Basic, Home Premium, Business na Ultimate yamo humohumo. Namba ya leseni ndiyo iliyoamua ni lipi litakalofunguliwa, na namba hiyohiyo ndiyo iliyobeba habari kwamba umelipa bei kamili au ya apgredi.

Kama namba ndiyo inayoamua, itakuwaje mtu asipoiandika? Vista ilikuwa na jibu. Ilikuruhusu uache nafasi wazi, ikakuuliza unataka toleo gani, ikasakinisha na kukuacha uitumie siku 30 kabla ya kuiamilisha. Nafasi hiyo ilikuwa na faida zake kwa mtu anayetaka kujaribu kabla ya kununua, au fundi anayepima kompyuta kabla ya kuikabidhi. Ila iliwekwa bega kwa bega na ukaguzi wa apgredi, na inaelekea hakuna aliyeviangalia viwili hivyo kwa pamoja.

Mwanzoni mwa Februari 2007, Brian Livingston wa jarida la barua pepe la Windows Secrets aliuchapisha utaratibu wenyewe. Hatua ni hizi.

Unawasha kompyuta kwa DVD ya apgredi. Ukifika kwenye kisanduku cha namba ya leseni, usiandike kitu, na uondoe tiki kwenye sehemu ya kuamilisha moja kwa moja mtandaoni. Vista inakuonya na kukuuliza kama ungependa kuandika namba sasa, unakataa. Inakuletea orodha ya matoleo, unachagua lile hasa ulilolinunua, kisha unaweka tiki kuthibitisha kwamba umechagua toleo sahihi. Hapa si mahali pa kutamani makubwa: ukichagua Ultimate ilhali namba yako ni ya Home Premium, namba hiyo haitakufaa. Unaelekeza usakinishaji kwenye diski tupu na kusubiri umalizike.

Kompyuta inapowaka, una Vista kamili isiyoamilishwa. Bila kutoka humo, unafungua DVD ileile na kuanzisha usakinishaji kwa mara ya pili. Safari hii unaandika namba ya apgredi, na inakubaliwa. Ukichagua kusakinisha upya katika partishani ileile, Vista ya kwanza inasukumwa nzima ndani ya folda iitwayo Windows.old na Vista ya pili inakaa mahali pake. Ukishamaliza unaamilisha kama kawaida, kisha unatumia programu ya kusafisha diski kuifuta ile folda, kwa kuwa inakula gigabaiti kadhaa bila kazi yoyote.

Kwa nini inakubali? Kwa sababu ukaguzi wa Vista ulitazama jambo moja tu: je, nimeanzishwa kutoka ndani ya Windows inayostahili? Haukuuliza kama Windows hiyo imeamilishwa, imelipiwa, wala ilikaa humo tangu lini. Vista iliyosakinishwa dakika arobaini zilizopita, bila namba, ilihesabiwa sawa na XP ya miaka mitano. Askari alisimama getini akamwuliza kila mtu amepitia mlango gani, bila kumwuliza kama ana tiketi.

Kisheria ujanja huu haukumpa mtu leseni. Masharti ya apgredi yalidai uwe na Windows ya zamani yenye leseni, na baada ya kuapgredi ile ya zamani huruhusiwi kuihamishia kwenye kompyuta nyingine. Asiyekuwa nayo aliyelipa dola 159 badala ya 239 alikuwa amevunja masharti hata kama skrini ilimwambia Windows yake ni halisi. Hilo halina mjadala. Lenye mjadala ni hali ya mwenye haki, maana yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Chukua mtu mwenye CD yake ya XP, DVD yake ya apgredi na laptopu mpya kidogo ya wakati ule. Anafuata njia rasmi na kuanza na XP. CD ya XP haina draiva za diski za SATA zinazotumia mfumo wa AHCI, kwa hiyo usakinishaji unasema hauoni diski yoyote, au unaanguka na skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Dawa rasmi ni kubonyeza F6 mwanzoni na kuipatia XP draiva kutoka kwenye flopi. Laptopu haina mahali pa kuingiza flopi. Anabaki na njia ya kuingia kwenye BIOS na kubadilisha diski iendeshwe kwa mtindo wa zamani wa IDE, ikiwa BIOS yake inaruhusu. Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya kusakinisha mfumo asioutaka, ambao atautumia kwa muda wa kuanzishia mfumo anaoutaka.

Mwenye Vista ya biti 64 alibanwa zaidi. Programu ya usakinishaji ya biti 64 haifunguki ndani ya Windows ya biti 32, na XP za nyumbani karibu zote zilikuwa za biti 32. Akianzia ndani ya XP, programu haifunguki. Akianzia kwenye DVD, namba haikubaliwi. Kwa mteja huyu, kusakinisha mara mbili ndiyo njia iliyobaki ya kutumia alichokilipia.

Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, ilirudi na mantiki ileile, na safari hii ukaguzi ulionekana kwa macho. Ukisakinisha kwa namba ya apgredi kwenye diski tupu, kuamilisha kunashindwa kwa kosa 0xC004F061, linaloeleza kuwa namba hiyo ni ya kuapgredi tu. Chanzo ni thamani moja ndani ya rejista, katika tawi la Setup\OOBE, iitwayo MediaBootInstall. Ikiwa 1, maana yake usakinishaji ulianzia kwenye DVD. Ukiibadilisha iwe 0, ukaendesha amri ya slmgr /rearm kwa mamlaka ya msimamizi na kuwasha upya, namba inakubaliwa. Leseni yenye thamani ya zaidi ya dola mia moja ilitegemea tarakimu moja ambayo mwenye kompyuta yeyote angeweza kuibadilisha.

Hata Windows 10 ilianza vibaya. Ilipotolewa Julai 2015 kama apgredi ya bure, ilikubidi uapgredi kwanza ukiwa ndani ya Windows 7 au 8.1, ndipo seva za Microsoft ziandikishe kompyuta yako. Aliyesakinisha moja kwa moja kwenye diski tupu alikwama. Novemba mwaka huohuo, toleo la 1511 lilianza kukubali namba za Windows 7, 8 na 8.1 wakati wa kusakinisha. Swali likarudi pale XP ilipoliacha, ushahidi wa ulichonunua, ila safari hii ushahidi huo ulisomwa mtandaoni na CD haikuhitajika. Mlango huo wa namba za zamani Microsoft ilitangaza kuufunga Septemba 2023.

Kwa anayesakinisha leo, utaratibu umegeuka. Leseni haikai tena kwenye diski. Imefungwa na vifaa vya kompyuta, hasa ubao mama, na inatambuliwa yenyewe ukirudisha toleo lilelile. Diski kuu ikifa, weka nyingine na uendelee bila kuandika namba yoyote. Kinachohitaji tahadhari ni ubao mama: kabla ya kuubadilisha, unganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft, kwa sababu ukishaubadilisha seva itaiona kompyuta yako kama ngeni. Na kwa mwenye kompyuta ya zamani iliyobaki na DVD ya apgredi ya Vista au 7, ahifadhi CD ya XP, risiti na karatasi ya namba yake pamoja na DVD hiyo. Programu haikuwahi kuviomba, lakini ndivyo vinavyoonyesha kwamba leseni ni yake.