Fundi wa Kurudisha

Kupiga Windows ni kazi ya muda mfupi, na kila mtaa una kijana anayeiweza. Unampa laptopu asubuhi, anachomeka flashi, anafuta kila kilichomo, mchana unaifuata. Kurudisha ni kazi nyingine kabisa. Mashine ilitoka kiwandani na mfumo wake, mfumo ukaondolewa, ukawekwa mwingine, na sasa mwenyewe anautaka ule wa kwanza: toleo lilelile, kwa leseni ileile iliyolipiwa siku mashine iliponunuliwa. Hapo anatakiwa mtu anayeisoma mashine kabla ya kuigusa. Nimewatazama mafundi wa aina hiyo kwa muda mrefu, Kariakoo na kwingineko, na kwa maoni yangu hawajapata sifa wanazostahili.

Chukua mfano wa kawaida. Mama mmoja mwalimu analeta HP ya mwaka 2019 aliyoachiwa na mwanawe. Kijana alipokuwa chuo aliondoa Windows akaweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, kwa sababu zake nzuri tu. Sasa ameajiriwa na amepewa mashine nyingine, na mama anataka kujazia alama za wanafunzi kwenye programu ambayo haifanyi kazi ila ndani ya Windows.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka unirudishie kama ilivyotoka dukani."

"Sawa mama. Humu ndani kuna kitu cha kijana? Picha, vyeti, kazi za chuo?"

Mama hajui. Basi apigiwe kijana, na wakati simu inaita fundi hajagusa hata kitufe. Kijana anasema kuna folda ya utafiti wake. Inanakiliwa kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo inachomekwa kwenye mashine ya pili na faili mbili tatu zinafunguliwa kuona kama zinasomeka kweli. Halafu diski inachomolewa na kuwekwa kwenye droo ya mbali. Kuichomoa huko kuna maana yake: baadaye skrini itauliza ni diski ipi ifutwe, na fundi makini hataki kuwe na diski mbili za kuchagua.

Baada ya hapo anaigeuza mashine chali. Enzi za Windows 7, leseni ilikuwa karatasi iliyobandikwa chini ya laptopu au ndani ya nafasi ya betri, yenye herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Joto na kusuguana na meza viliifuta taratibu, na mashine nyingi za mtumba zinafika na karatasi iliyobaki nyeupe karibu yote. Nimemwona fundi akizima taa ya kibanda, akimulika karatasi ya namna hiyo kwa simu kutoka ubavuni, akiinama mpaka pua ikaribie plastiki, akisoma herufi moja moja na kuandika kwa penseli. Alijua kwamba funguo hizo hazina kabisa herufi O wala sifuri, hazina I wala moja, hivyo hakupoteza muda kubahatisha huko. Lakini B imo na 8 imo, na kwenye wino uliofifia hizo mbili hufanana mno. Palipokuwa na shaka aliandika zote mbili, moja juu ya nyingine, akaendelea.

Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mambo yalibadilika. Watengenezaji wakubwa wakaacha kubandika ufunguo, wakauandika ndani ya chipu iliyo kwenye ubao mkuu wa mashine, katika jedwali dogo liitwalo MSDM. Kufuta diski hakuligusi, na hata ukinunua diski mpya, jedwali liko palepale. HP ya mwalimu ni ya kizazi hiki, na Ubuntu ile inayokaribia kuondoka ndiyo inayolisoma kwa urahisi. Fundi anaandika amri moja, jedwali linajitokeza: baiti 85 tu, baadhi zikiwa hazisomeki kwa jicho, na mwishoni herufi 29, yaani ufunguo wenye tarakimu na herufi 25 pamoja na vistari vinne. Anaupiga picha kabla ya jambo lingine lolote.

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zikiwa zimeshatumika Ulaya, Marekani au Dubai zimebeba ufunguo halali tumboni. Mnunuzi hajui, na anayempigia Windows hajishughulishi kutazama. Anaweka toleo la wizi, anaendesha programu ya kulidanganya lijione limelipiwa, na mara nyingi programu hizo huja na virusi. Mtu anaishi na mwizi ndani ya mashine yake kwa sababu ya kitu ambacho tayari anacho na kilishalipiwa. Fundi wa kurudisha anakataa njia hiyo hata mteja akiwa na haraka.

Anakataa pia kumpendezesha mteja. Ufunguo wa mwalimu ni wa Windows 10 Home. Wateja wengi wameambiwa kwamba Pro ni bora, wakawekewa Pro, na mashine ikabaki na maandishi ya kudai leseni kwenye kona ya skrini miezi na miaka, kwa kuwa ufunguo wa Home hauwezi kuithibitisha Pro. Ukiweka flashi ya Windows isiyochezewa, yenyewe husoma jedwali, ikatambua toleo linalohusika na kupita bila kuuliza. Kazi ya fundi hapo ni kutoingilia.

Kabla ya kufuta chochote anatazama diski imegawanywaje. Mashine nyingi hutoka kiwandani na sehemu iliyofichwa yenye nakala nzima ya mfumo wa kwanza, na kila kampuni ina mlango wake wa kuingilia: HP ni F11, Acer ni Alt na F10, Asus F9, Toshiba za zamani ulishikilia sifuri wakati wa kuwasha. Lenovo nyingi zina kitundu ubavuni kisichoingia kidole, kinabonyezwa kwa sindano. Ikiwa aliyeweka Ubuntu alichukua sehemu kuu tu, nakala hiyo bado ipo, na kazi inaweza kumalizwa kwa kitufe kimoja. Nimeona laptopu zikipigwa upya kwa flashi huku sehemu hiyo imekaa salama, haijaulizwa. Inasikitisha, maana ndani yake huwa na draiva zote na mipangilio yote kama kiwanda kilivyoiacha.

Hata sehemu hiyo ikiwa imefutwa, fundi hakati tamaa upesi. Kufuta mgawanyo wa diski ni kufuta jedwali linaloeleza nini kinaanzia wapi, na data zenyewe huweza kuwa bado zimelala mahali pake. Kwenye diski za mfumo wa GPT kuna nakala ya pili ya jedwali mwisho kabisa wa diski. Programu ya bure iitwayo TestDisk, iliyoandikwa na Christophe Grenier, hupita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa sehemu zilizopotea. Kwenye diski ya kuzunguka hiyo ni kazi ya saa nyingi, na fundi hukaa akiangalia namba zikipanda huku anaendelea na shughuli nyingine. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwani mfumo huiambia diski isafishe nafasi zilizoachwa wazi, na ikishasafisha hakuna cha kufufua. Fundi mkweli humwambia mteja hivyo mapema, kabla ya kuanza kumhesabia gharama.

Ya mwalimu ilifutwa yote. Njia ni flashi.

Kuandaa flashi kuna ustadi wake, hasa kama mashine pekee iliyo mezani ni ya Linux. Faili la Windows kutoka ukurasa wa Microsoft wenyewe lina zaidi ya GB 5, na kwa bando la kwetu hilo halipakuliwi mara mbili kwa uzembe. Likishafika, fundi analipima kwa SHA-256, akapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64, akaulinganisha na ule wa Microsoft. Tofauti ya alama moja tu, analitupa. Kisha inakuja kona inayowashinda wengi: mashine hutaka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 ili iweze kuwaka, ilhali FAT32 haipokei faili moja la GB 4, na ndani ya Windows mna faili liitwalo install.wim ambalo mara nyingi huvuka hapo. Asiyejua huona nakala imekatikia njiani, akailaumu flashi. Anayejua hulikata faili hilo vipande viwili kwa zana iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na Windows yenyewe huviunga wakati wa kujisimika.

Kuna skrini nyingine ambayo imewagharimu watu fedha bila sababu. Kwenye laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, Windows ikifika mahali pa kuchagua diski huonyesha orodha tupu. Hakuna diski. Mtu ambaye hajakutana nayo atakuambia diski imekufa, ununue nyingine. Diski ni nzima. Iko nyuma ya kidhibiti kinachoitwa VMD, na Windows kwenye flashi haijapewa draiva ya kukifikia. Fundi anakuwa nayo kwenye folda pembeni, anaibonyeza, na diski inatokea papo hapo. Sijui kama kuna furaha kubwa kuliko kumtazama mteja wakati huo.

Yanayofuata ni madogo madogo, na ndiyo yanayotofautisha kazi na kazi. Kinga ya Secure Boot ambayo kijana aliizima ili aweke Ubuntu inawashwa tena. Jina la Ubuntu, ambalo huweza kubaki kwenye orodha ya kuwashia ndani ya ubao hata diski ikiwa imesafishwa, linaondolewa. Wi-Fi haionekani kwa sababu haina draiva, basi simu ya Android inachomekwa kwa waya na mashine inakula intaneti ya simu mpaka draiva zishuke. Saa nayo iko nyuma kwa saa tatu kamili. Anayeelewa hutabasamu: Linux huiweka saa ya ubao kwa majira ya kimataifa ya UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Ikiwa saa iko nyuma kwa miaka, hilo ni jambo jingine; betri ndogo ya kwenye ubao imekufa, na mpaka ibadilishwe kurasa za mtandao zitagoma kufunguka na leseni huenda isithibitike.

Mashine za aina nyingine zina taratibu zake. Mac za Intel, ukishikilia Shift, Option, Command na R wakati wa kuwasha, hushusha kutoka mtandaoni mfumo uliokuja nazo au ulio karibu nao unaopatikana bado. Chromebook hufunguliwa kwa Esc, kitufe cha kuonyesha upya na kitufe cha kuwashia vikibonyezwa pamoja, kisha flashi ya kurejeshea. Lakini ikiwa mtu aliandika upya hata programu ya ndani ya ubao, itategemea kama alihifadhi nakala ya ile ya kwanza, na kwenye modeli nyingi za zamani itambidi fundi afungue mfuniko na kutoa skrubu moja inayozuia maandishi. Skrubu moja tu, na ikishatimiza kazi inarudishwa.

Tena fundi mzuri hajifungi kwenye neno la mteja. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. HP ya mwalimu ina prosesa ya kizazi cha nane na kinga ya TPM 2.0 ambazo Windows 11 inazidai, hivyo leseni yake ileile inakubalika kwenye Windows 11, na fundi anamweleza mama hivyo na kumwachia aamue. Ingekuwa mashine kongwe zaidi, isiyokubalika kwa Windows 11, angemwambia kwamba Ubuntu iliyomo ina usalama zaidi kuliko anachokitaka, na pengine ni afadhali kutafuta njia nyingine ya kujaza alama. Kumwambia mteja "iache ilivyo" kunamkosesha fundi malipo ya siku hiyo. Nimewasikia wakisema hivyo.

Mwishoni anafungua mipangilio, anaingia sehemu ya uthibitisho wa leseni, anamgeuzia mama skrini. Imeandikwa kwamba Windows imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali. Folda ya kijana inarudishwa mahali pake, ufunguo ulioandikwa kwenye karatasi anakabidhiwa mwenyewe.

Nawe msomaji, siku utakapopeleka laptopu yako kurudishiwa mfumo wake, usianze kwa kuuliza bei wala muda. Muulize fundi kama ameshautazama ufunguo uliomo ndani ya mashine na kama amenakili vitu vyako pembeni. Akikujibu kwa utulivu na kukuonyesha, mwachie mashine, mlipe anachosema, na umtaje kwa wengine.