Canon R50 Njukini: Kamera Inayouwahi Mlima

Jamani, kamera hii inawahi! Nimeitoa kwenye boksi, nikaitia betri na kadi, na kabla sijaizoea vizuri mkononi imeshanipa Mawenzi nzima, genge kwa genge, katika ule muda mfupi wa asubuhi ambao watu wa Njukini hupewa kabla wingu halijafunga. Ni Canon EOS R50, ile ndogo iliyotangazwa Februari 2023. Nimetembea nayo shingoni kuanzia kwenye migomba hadi ukingoni mwa Ziwa Chala, na naandika sasa hivi, joto la furaha likiwa bado juu, kwa sababu mambo ninayotaka kuyasema ni yale ambayo mtu huyaona siku za mwanzo tu.

Kwa asiyefika Njukini: unatoka Voi, unapita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta mjini, halafu unageuka kaskazini kuelekea Chala na kuendelea sambamba na mpaka wa Tanzania. Mashariki kuna Tsavo Magharibi, kavu na kahawia. Magharibi ardhi inapanda Rombo hadi Kilimanjaro. Hapo katikati kuna chemchemi na mifereji, na palipo na mfereji kuna mgomba. Kwa mpiga picha, maana yake ni kwamba ndani ya matembezi mafupi unapata vumbi, kijani kibichi, maji na theluji.

Sasa sikiliza jinsi mwanga unavyokwenda. Jua la asubuhi linatokea mgongoni mwako, upande wa Tsavo, na linaupiga mlima usoni. Mawenzi, mita 5,149, ndiyo iliyo karibu nawe, imechongoka na kujaa mianya ambayo kivuli kinaichora mstari kwa mstari. Kibo, mita 5,895, iko nyuma zaidi. Kisha ardhi inapata joto, hewa yenye unyevunyevu inapanda mteremko, inapoa huko juu na kuwa wingu, na mara nyingi hata saa nne haijagonga mlima umeshajifunika. Jioni nako jua linazama nyuma ya mlima, kwa hiyo unachopata ni umbo jeusi dhidi ya anga. Uzuri wake nao upo, ila ni picha nyingine kabisa.

Ndiyo maana nasema kamera ichaguliwe kwa kuangalia mwanga wa mahali unapoishi. Wanaoanza hobi hii huulizana megapikseli, na muuzaji naye huwajibu kwa megapikseli. R50 inazo 24.2, zinatosha kabisa, tusonge mbele. Swali linalofaa mtu wa Njukini ni hili: nikitoka mlangoni saa kumi na mbili na nusu, mlima ukiwa wazi, kamera itakuwa mkononi mwangu au itakuwa imebaki ndani kwa sababu ni nzito?

Hii itakuwa mkononi. Bodi yake, ikiwa na betri na kadi, ina gramu 375. Lenzi inayokuja nayo, RF-S 18-45mm, ina gramu 130. Jumla ni nusu kilo! Nimepanda nayo bodaboda ikiwa ndani ya jaketi na sikuihisi. Nimeivaa nikiruka mifereji, mkono mmoja umeshika mgomba. Kishikio chake ni kidogo, na mwenye kiganja kikubwa atakuta kidole cha mwisho kinaning'inia, lakini mpira wake unashika vizuri na kitufe cha kupigia picha kiko pale pale kidole cha shahada kinapotua.

Jambo moja la kujua kabla ya alfajiri yako ya kwanza: lenzi hiyo hujikunja ndani ili iwe fupi, na ikiwa imejikunja kamera haipigi picha mpaka uizungushe ifunguke. Mimi naifungua tangu nyumbani. Sekunde mbili ni nyingi wingu linapokimbia.

Kisha weka jicho kwenye kidirisha. Ah! Hapa ndipo nilipoipenda. Kamera za zamani zenye kioo ndani zilikuonyesha mandhari yenyewe, kisha picha ikitoka unakuta anga imekuwa nyeupe pe au mtu amekuwa mweusi tii. Kidirisha cha R50 ni skrini ndogo, kwa hiyo picha unaiona na mwanga wake kabla hujaipiga. Alfajiri niliielekeza kwenye mlima, sehemu ya mbele ikiwa bado gizani, nikaona kamera inataka kuliangaza giza lile na kuiunguza Mawenzi. Nikazungusha gurudumu la juu, nikapunguza mwanga hatua moja, na mbele ya macho yangu rangi ya waridi ikarudi kwenye miamba. Ni somo ambalo ukilisoma kitabuni linakula kurasa kadhaa, na hapa umelimaliza kwa kidole gumba. Kwa anayejifunza peke yake, mbali na darasa la upigaji picha, sijui zawadi iliyo bora kuliko hiyo.

Nikiwa pale nilimkumbuka Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani aliyetoka Rabai kwa miguu, msafara ukiongozwa na Bwana Kheri, wakapita nchi ya Wataita hadi Mei 11, 1848 alipoona kitu cheupe juu ya mlima na kuelewa kwamba ni theluji. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na ubishi ukachukua miaka. Upigaji picha ulikuwa umeshatangazwa Paris tangu 1839, lakini mitambo yake ilikuwa mizigo ya maabara. Rebmann alikuwa na daftari. Fikiria angekuwa na nusu kilo hii mfukoni!

Turudi kwenye kuwahi, maana kuna kuwahi mlima na kuna kuwahi uso wa mtu. Uso ni mgumu zaidi. Mlima ukifunga leo utafunguka kesho, lakini kicheko hakirudi kilivyokuwa.

Njiani nilimkuta mama mmoja akipanga mikungu ya ndizi kando ya barabara kungoja gari la sokoni, mbuzi wake amefungwa karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kamera ni ya kazi au ya kuchezea?"

"Ni ya kujifurahisha tu, mama. Naomba nikupige moja."

"Ngoja basi nifunge kitambaa. Na usinitoe nimekunja uso."

Akafunga kitambaa, akajipangusa mikono, na papo hapo mbuzi akajitia katikati kuja kunusa ndizi. R50 inatambua watu, wanyama na magari, na inatafuta jicho yenyewe. Nilipokibonyeza kitufe nusu, kile kimraba kikakaa kwenye jicho la kulia la mama, kikageuka bluu, na kikakaa hapo. Mbuzi akainua kichwa, kimraba hakikumfuata. Mama akageuka kumfukuza mbuzi, nacho kikageuka naye, kutoka jicho la kulia hadi la kushoto, na aliponigeukia tena huku anacheka nikaachilia mfululizo. Kamera hii inapiga hadi picha 12 kwa sekunde kwa shata yenye pazia la kwanza la kielektroniki, 15 kwa ile ya kielektroniki kabisa. Katika mfululizo ule kuna moja ambamo kope zake zinahesabika, kuna tone la jasho juu ya mdomo, kitambaa cha manjano kimekaa sawa, na nyuma pembe moja ya mbuzi imeingia bila fokasi. Nikamgeuzia skrini. Inafunguka pembeni na kuzunguka, kwa hiyo aliiona akiwa bado ameketi. "Huyu ni mimi kweli," akasema, akaomba nimchapie. Nitaichapa kubwa. Picha inayobaki kwenye kadi haijamfikia mwenyewe, na nusu ya raha ya hobi hii ni siku ile unapompelekea mtu karatasi yake.

Tena nashauri hivyo kwa kila mtu: salimu kwanza, omba kwanza. Njukini ni mahali pa watu wengi, Wataveta, Wakamba, Wamaasai wanaopitisha ng'ombe, Wachaga wenye ndugu ng'ambo ya mpaka, na hakuna kabila hata moja linalofurahia kulengwa lenzi na mtu asiyetoa salamu. Kamera ndogo inasaidia hapa. Haimtishi mtu wala haifanani na kamera za televisheni, na mazungumzo yanaendelea huku unapiga.

Ziwa Chala lilinipa sura nyingine ya kamera. Ni ziwa la kreta, kingo zake zimesimama wima, kina chake kinapita mita 90, na mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata katikati. Hapa ndipo mahali pekee ninapoifurahia saa sita ya mchana, kwa sababu jua likiwa utosini linaingia ndani ya maji na kuyatoa rangi ambazo asubuhi zimelala, bluu nzito katikati, kijani karibu na miamba. Kwa milimita 18 niliupata ukingo wa pili na sehemu kubwa ya duara. Nilipiga na video kidogo. Ni 4K safi, inayotumia upana wote wa sensa, na ina tundu la maikrofoni kwa mwenye kutaka. Video si shauku yangu, naiacha hapo.

Kasoro zipo na nitazitaja bila kuzunguka. Bodi haina kinga ya vumbi wala mvua, na vumbi la barabara ya Chala ni jembamba kama unga wa muhogo. Usibadilishe lenzi ukiwa njiani, ingia ndani ya nyumba au angalau uupe upepo mgongo na uielekeze bodi chini. Ndani ya bodi hakuna kitulizaji cha mtikisiko, unategemea kile cha lenzi. Nafasi ya kadi ni moja, chini, pamoja na betri. Na betri yenyewe ni ndogo, kwa hiyo nunua ya pili siku hiyo hiyo unayonunua kamera, hasa kama kwenu umeme una tabia ya kupotea usiku.

Kubwa kuliko zote ni kwamba lenzi ya 18-45 ina tundu dogo la mwanga, f/4.5 hadi f/6.3. Chini ya migomba, ambako jua linachuja kupitia majani na kila kitu ni kijani na nusu giza, lazima ISO ipande. Kamera inafika 32000. Mimi nilikaa kati ya 1600 na 3200, chembechembe zikaanza kuonekana, na sikujali hata kidogo! Jani la mgomba likiwa na jua nyuma yake, mishipa yote imewaka, halihitaji chochote zaidi.

Bei? Ilipotoka, huko Marekani ilikuwa dola 680 bodi tupu na 800 pamoja na lenzi hiyo, na kwetu ushuru na usafiri lazima vijumlishwe. Ni pesa nyingi, na kama hazipo usikae kungoja. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa 1943 ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia nzima, alianza akiwa mtoto wa shule na Box Brownie iliyokwisha tumika. Maduka ya Nairobi yana Canon za zamani za mkono wa pili zenye lenzi za EF, na habari njema ni kwamba lenzi hizo zitaingia kwenye R50 baadaye kwa adapta ya Canon. Ukinunua lenzi ya mkono wa pili, hasa iliyokaa pwani, imulike kwa tochi ya simu na utazame kioo cha ndani. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, iache. Geuza gurudumu la fokasi usikie kama kuna mchanga. Piga picha ya ukuta mweupe, kisha ikuze uone kama sensa ina madoa.

Kwa mwenye R50 tayari, agizo langu la kwanza ni RF 50mm f/1.8, gramu 160, kwa ajili ya nyuso na kivuli cha migomba. Tangu 2024 Sigma na Tamron nao wanatoa lenzi zinazoingia kwenye kamera hizi, na Sigma 18-50mm f/2.8 inanitoa udenda waziwazi. Lakini ninayoiazima wiki hii ni RF-S 55-210mm, iliyotangazwa siku moja na kamera yenyewe, gramu 270. Nataka kuivuta mianya ya Mawenzi karibu niione moja moja, na kisha nishuke nayo hadi Ziwa Jipe kwa ajili ya ndege, nione kama kile kimraba cha bluu kitalikamata jicho la mdiria kabla hajachupa majini. Betri mbili ziko kwenye chaji, na rafiki mwenye lenzi ameshakubali.