Kesi Bila Mshtakiwa: "Bohemian Rhapsody" Studioni na Jukwaani kwa Mizani ya Utendaji wa Pemba

Ikisiri

Makala hii inalinganisha toleo la studio la wimbo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen (1975) na matoleo yake ya jukwaani, kwa kutumia dhana ya utendaji kama inavyoeleweka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Inadai kwamba studio ilibuni jumuiya ya sauti ambayo jukwaa halikuweza kuibeba, na kwamba namna bendi ilivyolikabili pengo hilo iliugeuza wimbo maana. Hoja hiyo inapelekwa Pemba, ambako tatizo limesimama kinyume: jumuiya ipo uwanjani, na kinasa sauti ndicho kinachoipunguza.

Kumbukumbu iliyotangulia utendaji

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea mfuatano mmoja: utendaji hutangulia, kumbukumbu hufuata. Mulokozi (1989) aliijenga fasihi simulizi juu ya tukio, akaweka fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati kuwa viungo vyake. Lord (1960) alikwisha kwenda mbali zaidi aliposhikilia kwamba kwa mwimbaji wa tendi kila uimbaji ni asili, wala hakuna nakala mama inayoigwa. Kwa mizani hiyo, kazi ya Whiteley (1958) kuhusu lahaja na mashairi ya Pemba, au diwani ya tungo za Kamange na Sarahani iliyoandaliwa na Alawy na El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla (2011), husomwa kwa shukrani na kwa tahadhari pamoja. Shukrani ni kwa kilichookolewa. Tahadhari ni kwa kuwa sauti haimo.

Upo, hata hivyo, wimbo uliozaliwa kinyume cha mfuatano huo, na mtunzi wake ni mzaliwa wa visiwa hivihivi. Freddie Mercury alizaliwa mjini Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. "Bohemian Rhapsody" ulitolewa tarehe 31 Oktoba 1975. Kwa kawaida huwekwa katika progresivu roki, yaani ule mkondo wa roki wa miaka ya 1970 uliopenda nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi zisizofanana. Wapo wanaobisha kwamba Queen hawakuwa wa mkondo huo. Ubishi huo una nafasi yake kwa albamu nyingine. Kwa wimbo wa dakika 5 na sekunde 55 usio na kiitikio kinachorudi, hauna uzito.

Wimbo huu haukupata kuimbwa mbele ya watu kabla ya kurekodiwa. Uliundwa kipande kwa kipande, na ulipokamilika ikaonekana kwamba waliouunda hawawezi kuuimba wote. Jukwaani, basi, hadhira hailetewi tukio ambalo baadaye litahifadhiwa. Inaletewa tukio linalojaribu kuifikia kumbukumbu iliyokwisha kuwepo.

Watu watatu, halaiki moja

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Kijana anaungama kwa mama yake kwamba ameua mtu. Anaaga. Kisha muziki unageuka ghafla kuwa opera: sauti nyingi zinamgombania, hizi zikitaka aachiliwe, zile zikikataa. Baada ya hapo inakuja roki nzito ya ukaidi, na mwishoni utulivu wa mtu ambaye hakuna tena linalomhusu. Kwa maneno mengine, kuna ungamo, kesi, ukaidi na kusalimu amri. Wahakiki kadhaa wamevutwa na ukweli kwamba baba yake Mercury alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Ni kishawishi kitamu, na ni afadhali kukiacha: mahakama iliyomo katika wimbo inajitosheleza bila cheti cha kuzaliwa.

Kazi ya kurekodi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, ikaendelea katika studio nyingine. Sehemu ya opera peke yake ilichukua takriban wiki 3. Waimbaji walikuwa watatu tu: Mercury, mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Taylor alipanda juu kabisa, May akakaa chini, Mercury akajaza katikati. Kisha wakarudia, na kurudia tena, sauti ikiwekwa juu ya sauti. Kanda yao ilikuwa na njia 24 tu za sauti, kwa hiyo kila njia zilipojaa zilikusanywa na kuhamishiwa pamoja ili kupata nafasi ya nyingine. Husemwa kwamba tabaka za sauti zilifikia 180, na kwamba kanda ilipita kwenye mashine mara nyingi kiasi cha kuwa nyembamba hata mwanga ukapenya.

Inafaa kutua hapa, kwa kuwa hili ndilo jambo ambalo msikilizaji aliyekulia katika ngoma za Pemba hulitambua haraka kuliko msikilizaji wa muziki wa kisomi wa Ulaya. Katika msewe, ngoma iliyopewa jina na misewe ifungwayo miguuni mwa wachezaji, kiitikio si pambo la wimbo. Kiongozi hutupa, kundi hudaka. Asipoitikiwa, hakuna wimbo. Opera ya "Bohemian Rhapsody" imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo ya kutupa na kudaka. Jina hutupwa kwa sauti ya juu na kudakwa kwa sauti ya chini. Ombi hutupwa na upande mmoja na kukataliwa na mwingine. Tofauti ni kwamba watupaji na wadakaji ni watu walewale watatu. Halaiki inayomhukumu kijana haikuwahi kukaa pamoja chumbani. Ni jumuiya ya kubuni, na ubora wa toleo la studio uko katika kumfanya msikilizaji asilikumbuke hilo.

Ndani ya mabishano hayo limo neno moja ambalo msikilizaji wa pwani hahitaji kufasiriwa: Bismillahi. Mengi yamesemwa juu ya asili yake, na kwa familia ya Kiparsi iliyoishi Mji Mkongwe si ajabu neno hilo kuzoeleka masikioni tangu utotoni, ingawa mazoea hayo hayathibitishi nia ya mtunzi. La maana zaidi kwa uhakiki ni mahali lilipowekwa. Katika utenzi, Bismillahi hufungua: mtunzi hulitanguliza katika dibaji kabla ya kuingia kisani, kama nahodha kabla ya kutweka na mwenyeji kabla ya kukaribisha chakula. Hapa limetupwa katikati ya ugomvi, na kinachofuata mara moja ni kukataa. Neno la kuanzia limefanywa neno la kuzuia. Sikio la Pemba hushtuka pale ambapo sikio la London hupita tu, na mshtuko huo ni sehemu halali ya maana ya wimbo.

Jukwaa tupu

Queen walipotoka na wimbo huu kwenda kwa watu, walikuwa na njia tatu, na zote tatu walizijaribu kwa nyakati tofauti ama kwa ukamilifu au kwa sehemu: kuukata, kuuchanganya, au kuikubali mashine.

Katika onesho la Hammersmith Odeon la tarehe 24 Desemba 1975, lililotangazwa na BBC, ungamo liliimbwa, kisha likaunganishwa na nyimbo nyingine za bendi, na opera ikaachwa. Miaka 10 baadaye, tarehe 13 Julai 1985, Mercury aliufungua ushiriki wao katika Live Aid uwanjani Wembley kwa sehemu ileile ya piano, na kabla opera haijaanza bendi ikaingia katika "Radio Ga Ga". Dakika zao 21 za siku hiyo zimesifiwa mno, na kwa haki. Lakini kama tafsiri ya wimbo huu, Live Aid ni kitu cha ajabu. Muuaji anaungama mbele ya watu wapatao 72,000 na hakuna anayemhukumu. Kesi haisikilizwi. Umati unapiga makofi kwa wimbo mwingine. Ungamo lililokuwa zito kwenye santuri linakuwa salamu ya mwimbaji kwa wapenzi wake, na hilo si kosa la uimbaji, maana sauti yake siku hiyo ilikuwa imara. Kilichokosekana ni upande wa pili wa mabishano.

Msomaji wa Kamange na Sarahani atalielewa hili bila shida. Shairi la majibizano likiondolewa jibu lake bado lina vina na mizani, bado linaweza kusifiwa, lakini limegeuka aina nyingine ya utungo. Lililokuwa hoja limekuwa tamko.

Njia ya tatu ndiyo iliyokaa kwa miaka mingi, nayo inasikika katika albamu ya jukwaani *Live Killers* ya mwaka 1979 na katika maonesho ya Wembley ya mwaka 1986. Ungamo huimbwa na bendi. Opera ikifika, wanamuziki huondoka. Kanda ya studio hupigwa kupitia spika, taa zikicheza juu ya jukwaa lisilo na mtu. Sehemu ya roki ikianza wanarudi kwa kishindo, mara nyingi Mercury akiwa amebadilisha mavazi, na kuumalizia wimbo wenyewe.

Wakosoaji wa zama hizo waliokiona kitendo hiki kama uzembe hawakukosea kabisa. Bendi iliyokuwa ikijivunia kuandika kwenye majalada ya albamu zake za mwanzo kwamba haikutumia sinthesaiza sasa iliiachia mashine kitovu cha wimbo wake mashuhuri kuliko zote. Ila uzembe halisi ungekuwa kusimama pale na kufungua vinywa, kuwahadaa watu kwamba sauti 180 zinatoka vifuani mwa watu watatu. Kuondoka ni kukiri. Na kukiri huko kumezaa, pengine bila kukusudiwa, tafsiri bora ya kisa kuliko ile ya studio. Kijana anaungama, kisha anatoweka. Kesi yake inasikilizwa na sauti zisizo na miili. Anarudi baada ya hukumu, amevaa nguo nyingine, akiwa mkaidi. Kwenye santuri mshtakiwa yumo ndani ya kelele ya mahakama, akisihi. Jukwaani kizimba ni kitupu. Hata Bismillahi, neno pekee ambalo mtoto wa Unguja na Pemba angelidaka bila kufikiri, linatoka kwenye mashine wakati mzaliwa wa Unguja hayupo mbele ya macho.

Kwa vigezo vya Mulokozi, dakika hiyo inatatanisha. Hadhira ipo, mahali papo, wakati upo, fani inasikika. Fanani yuko nyuma ya pazia anafunga vifungo vya shati.

Waitikiaji wanapofika

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Tarehe 1 Julai 2017, katika bustani ya Hyde Park, London, watu wapatao 65,000 waliokuwa wakisubiri bendi ya Green Day walipigiwa santuri ya "Bohemian Rhapsody" kupitia spika. Wakauimba wote, kuanzia ungamo hadi tamati, na opera pamoja nayo. Hapakuwa na mtu jukwaani.

Tukio hilo limechukuliwa kama kichekesho kizuri cha umati. Linastahili zaidi ya hapo. Kwa mara hiyo halaiki iliyobuniwa na watu watatu mwaka 1975 ilikuwa na miili. Waliosihi walikuwepo, waliokataa walikuwepo, na hakuna aliyewagawia pande. Waliruka kutoka upande huu kwenda ule kadiri noti zilivyowaruhusu, wengi wakishindwa zile za Taylor na kucheka. Uimbaji ulikuwa mbovu kwa vipimo vya studio, lakini ulikuwa na kile ambacho wiki 3 za kazi hazikuweza kukitia kwenye kanda, yaani hatari ya kutoitikiwa. Ikiwa jukwaa tupu la mwaka 1979 lilikuwa utendaji usio na fanani, bustani ya mwaka 2017 ilikuwa utendaji ambao hadhira imekuwa fanani, na mgawanyo wa kawaida kati ya viwili hivyo haukutosha kuueleza.

Kinasa sauti uwanjani Pemba

Suala hili lina uzito wa kazi kwa wanaokusanya nyimbo Pemba. Desturi iliyoenea katika tasnifu ni kurekodi utendaji mmoja, kuuandika kwa beti, na kuuita "wimbo" wenyewe. Kinasa sauti huwekwa karibu na kiongozi kwa sababu maneno yake ndiyo yanayotakiwa. Matokeo yake ni kinyume kamili cha Rockfield: kule watu watatu walifanywa halaiki, huku halaiki inafanywa mtu mmoja. Kiitikio kinaandikwa mara moja kisha kinafupishwa kwa nukta tatu. Misewe ya miguuni, iliyo nusu ya mdundo na iliyoipa ngoma jina, haiandikwi popote. Vivyo hivyo kwa nyimbo za wanawake katika mchezo wa ng'ombe: maneno yanasomeka kwenye karatasi, ila haionekani ni lipi liliimbwa fahali alipokuwa ametulia na lipi alipomgeukia mchezaji.

Toleo la namna hiyo linafanana na Live Aid, ungamo zuri lisilo na kesi. Linaweza kuhakikiwa, na limehakikiwa kwa ustadi, kwa vina, taswira na mafumbo. Lakini mhakiki anapotoka hapo na kudai kwamba msanii wa Pemba "anasema" jambo fulani, amemtwisha kiongozi peke yake kauli ambayo uwanjani ilikuwa ikibishaniwa. Marekebisho yake si ya gharama. Vinasa viwili badala ya kimoja, cha pili kikiwekwa upande wa waitikiaji. Kiitikio kiandikwe kila kinapotokea, kwa kuwa mara ya tano hakiitikiwi kama mara ya kwanza. Wimbo uleule urekodiwe zaidi ya siku moja, na tofauti ziachwe zionekane badala ya kusawazishwa katika matini moja safi. Na pale ambapo sauti ya kiongozi inakatika na miguu peke yake inaendelea, mstari uachwe wazi kwenye ukurasa na muda wake uandikwe pembeni, ili msomaji ajue kwamba wimbo ulikuwa bado unaimbwa.