Kila Dirisha Mahali Pake

Kyebando, kaskazini mwa Kampala, umeme hukatika na kurudi pasipo kumuuliza mtu. Katika maduka madogo ya kuchapa na kutoa fotokopi, mteja aliyeshika kitambulisho chake husubiri mara mbili: kwanza umeme urudi, kisha mhudumu afungue upya programu moja baada ya nyingine na kuyavuta madirisha hadi yakae anavyotaka. Namsifu fundi anayetuondolea kusubiri huko kwa pili, yule anayeandika kanuni ili kompyuta ya Linux ikiwaka, kila dirisha lifunguke mahali pake.

Nafasi ya kazi hii iliachwa makusudi. Mfumo wa X, ambao kwa miaka mingi ndio ulioonyesha madirisha kwenye Linux, ulianzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11 likatoka 1987. Waliouunda hawakutaka kumwamulia mtumiaji dirisha likae wapi. Uamuzi huo waliiachia programu nyingine, msimamizi wa madirisha. Ndipo mwandishi wa programu Ross Burton alipoweza kuandika Devil's Pie, programu inayolingoja kila dirisha jipya na kulipatia agizo. Mrithi wake, Devilspie2, husoma maagizo yaliyoandikwa kwa Lua, lugha ya kuandikia programu iliyozaliwa Brazili mwaka 1993.

Kuwasha programu ni jambo jepesi: faili fupi katika folda ya autostart, inayosomwa mtumiaji anapoingia, latosha. Ustadi huanza dirisha linapotokea, maana sharti fundi alitambue. Kichwa cha dirisha hakiaminiki. Cha kivinjari hubadilika kila ukurasa unapobadilika. Kwa hiyo fundi huita xprop, programu inayoonyesha sifa za dirisha, hubofya dirisha, kisha husoma WM_CLASS, jina ambalo programu imejipa yenyewe na ambalo kwa kawaida hudumu.

Baada ya jina kuna wakati. Anayeanza huiamuru kompyuta ingoje sekunde tano, kisha isogeze dirisha. Akijaribu mchana, mambo huenda sawa, kwa kuwa programu ilishafunguliwa na bado imo kwenye kumbukumbu. Lakini umeme ukikatika kumbukumbu hufutika. Programu husomwa upya kutoka kwenye diski, polepole, na amri hufika kabla ya dirisha. Fundi haitegemei saa. Hulingoja tukio lenyewe: dirisha likishafunguka, ndipo huagiza.

Siku hizi Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X, hauiruhusu programu moja kusogeza dirisha la nyingine, kwa ajili ya usalama. Kanuni zimehamia kwa msimamizi mwenyewe: mazingira ya KDE yanazo kwenye mipangilio yake, na msimamizi aitwaye Sway huzisoma katika faili la maandishi. Zana zimebadilika, lakini fundi bado hutambua, hungoja, kisha huagiza.

Kazi hii haina wa kuipigia makofi, kwani ikifanywa vizuri hakuna anayeiona. Hata hivyo inampa mhudumu utulivu na mteja dakika zake. Na kwa kuwa kanuni ni maandishi matupu, anayeshika zamu kesho anaweza kuzisoma, kuzirekebisha na kuzinakili kwenye kompyuta nyingine. Vijana wanaofundishwa kompyuta Kyebando wanastahili kujifunza hili mapema, sambamba na kuchapa barua: anayejua kuipangia mashine yake utaratibu ameshaacha kuwa mtumiaji tu; ameanza ufundi.